Niliulizwa nani aliruhusu laptop ya dispensary ichukuliwe

Wakuu, sasa. Hii sikuambiwa na mtu. Nilikuwepo, na bado imenikaa kwa roho.

Mimi hushughulikia records kwa dispensary moja ndogo huko juu upande wa Molo. Network ni ya kubahatisha, na stima hupotea mvua ikianza tu. Kwa hivyo mimi na Sister Chemutai, nurse wetu, tuliweka wagonjwa wote kwa laptop moja kuukuu. Haikuhitaji internet. Unaandika jina, unapata historia yote.

Kisha wakubwa wakaamua lazima kuwe na strategic plan ya ICT. Ati roadmap ya miaka mitano. Tukaitwa workshop kwa hoteli Naivasha siku tatu.

Consultant alikuja na slides za dashboard na cloud, yaani rekodi zote zikae kwa internet. Huyo hajawahi kanyaga matope yetu hata siku moja. Nikamuuliza, "Boss, na kule hakuna network?"

Akasema, "Hiyo tuiweke parking lot."

Kama hujui, parking lot ni karatasi wanabandika ukutani. Maswali ya maana huenda kufia hapo.

Miezi kadhaa baadaye gari ikaja na barua. Mifumo yote ya zamani irudishwe headquarters. Wakabeba laptop, wakatuachia tablet ya kuingia cloud. Kazi yake ni kuzunguka ikitafuta network.

Wiki hiyo hiyo shosho mmoja akaleta mjukuu wake, Kevo, kifua imembana. Mama ya mtoto yuko kazi kwa shamba la maua, simu haishiki. Sister akauliza kama kuna dawa inamkataa. Shosho akasema hajui. Tablet inazunguka. Sister akamdunga penicillin.

Kevo alifura uso tukiangalia. Kwa ile laptop walibeba, nilikuwa nimeandika mimi mwenyewe zamani, herufi kubwa: ASIDUNGWE PENICILLIN.

Sister alimwokoa, lakini ni Mungu tu.

Nikaandika malalamiko kali. Wakanijibu na photocopy ya page ya mwisho ya hiyo plan yao tukufu: "Wadau walioshirikishwa na kukubali." Jina langu liko hapo, na sahihi. Nilisign kule Naivasha nikidhani ni list ya lunch.

Wakuu, someni kichwa ya karatasi kabla mshike kalamu, hata kama chakula inapoa.

Juzi shosho aliniuliza nani aliruhusu laptop ichukuliwe. Kulingana na hiyo karatasi, ni mimi.

Wenye mmekalia hizo workshop, nyinyi mlisign nini?