Vile wivu wangu kwa mama mboga wa plot yetu ulivyoumiza macho ya binti yangu

Wakuu, niaje. Mimi ni wa kusoma kimya humu. Nacheka vioja vyenu, naenda zangu. Leo ni zamu yangu kuchekwa, na sitapunguza kitu hata pale ambapo mtanichukia.

Naishi Pipeline, Nairobi, plot ya maghorofa, mimi niko ya tano. Wenyeji mnajua: ukifungua dirisha unaona mpaka sufuria ya jirani. Kwangu taa inawaka saa sita mchana. Jua tunalipata tukishuka.

Nina binti mmoja, Mwende, ana miaka kumi. Babake ni dereva wa lori, huyo ni wa kuonekana siku tatu kisha ameshika barabara. Mimi ni karani kwa ofisi ya wakili kule Makadara. Natoka asubuhi, narudi saa moja jioni.

Sheria ya nyumba ilikuwa moja. Mwende akitoka shule anapanda moja kwa moja, anafunga mlango kwa ndani, ananipigia simu. Halafu homework. Halafu storybook. Halafu revision kwa tablet mpaka nirudi.

Kucheza chini? Hapana. Hata kanisani nilikuwa najisifu, "wangu hazururi." Wale wa kucheza chini nilikuwa nawaona kama ng'ombe wasio na mwenyewe.

Sasa, pale kwa gate ya plot yetu kuna Mama Nafula. Anauza mboga. Bintiye Nafula ni darasa moja na Mwende, na walikuwa wanakaa dawati moja tangu wakiwa wadogo.

Wakuu, wacha niseme wazi. Huyo mama nilikuwa namwonea wivu mbaya.

Hana ofisi, hana cheti, lakini plot nzima inamjua. Anakatakata sukuma huku anacheka, na watoto wote wamemzunguka. Mwende naye kila siku ni Mama Nafula amesema hivi, Mama Nafula amesema vile. Siku moja nimepika, nikaambiwa sukuma ya Mama Nafula ndiyo tamu. Sukuma yenyewe nimenunua kwake!

Na Nafula sasa. Viatu hana, vumbi hadi magotini, jioni yote ni michezo, kati na blada na brikicho, pale kwa kiwanja kando ya plot. Giza likianza kuingia ndipo anaitwa ndani.

Halafu report form zikatoka. Nafula ame-exceed, ndiyo alama ya juu kabisa. Wangu ame-meet tu, ngazi moja chini.

Haki sikula siku hiyo. Nilikaa na hizo karatasi nikijiuliza, mtoto wa kucheza kati anampitaje mtoto wa kushinda na kitabu? Jibu nikajipa mwenyewe: huyu Nafula anamwibia wangu majibu.

Kesho yake nikaomba ruhusa kazini, nikaenda shule. Nikamwambia class teacher awatenganishe, kwa sababu yule mwingine anakopi. Mwalimu akaniambia, "Lakini hawa wanasoma vizuri wakiwa pamoja, Mama Mwende." Nikashikilia. Nikasema nitapanda hadi kwa headteacher.

Wakatenganishwa siku hiyo hiyo. Kwa vile Mwende ni mrefu, akapelekwa nyuma.

Mtoto alilia jioni mbili. Nikamwambia siku moja atanishukuru. Na nikipita pale kwa gate nilikuwa nanunua nyanya kwa mwingine, makusudi, nikihakikisha Mama Nafula ameona mfuko. Alikuwa ananisalimia vilevile, "Habari ya kazi, Mama Mwende?" Hiyo ilikuwa inanikera hata zaidi.

Kufika katikati ya term, Mwende akaanguka. Si kuanguka kidogo. Hesabu mbaya, Kiswahili mbaya, kila kitu mbaya. Mimi nikafanya nini? Nikaongeza saa za kusoma. Nikanunua taa ya mezani. Jumamosi pia nikamfungia ndani. Nilikuwa nimeapa hatapitwa na mtoto wa mama mboga.

Ndipo mwalimu akaniita.

Alikuwa na madaftari mawili mezani, la zamani na la sasa. La zamani limejaa kazi safi. La sasa lilikuwa na tarehe, mstari mmoja, halafu tupu. Mahali pengine ameandika namba ambazo hazikuwa kwa ubao kabisa.

Akamwita Mwende, akamsimamisha nyuma ya darasa na kumwambia asome ubao. Mtoto akakaza macho, akainamisha kichwa hivi na hivi. 

Nafula alikuwa mbele. Akageuka akaanza kumsomea, polepole, neno kwa neno, kama kitu amezoea. Hakuna mtu alikuwa amemwambia.

Wueh.

Kumbe ndiyo ilikuwa kazi yake miaka yote hiyo. Nafula anasoma ubao kwa sauti ya chini, Mwende anaandika. Hakuna mtu alikuwa anaibiwa majibu. Mimi ndiye niliyeenda kwa miguu yangu kumnyang'anya mtoto wangu macho aliyokuwa amepata.

Nilimuuliza Mwende mbona hakuniambia. Akaangalia chini. "Ulisema nikishindwa ni uvivu."

Nilisema kweli. Mara nyingi.

Tukaenda kwa daktari wa macho. Akampima, akasema anaona karibu vizuri, mbali ndiyo hakuna. Akaandikiwa miwani. Kisha akaniuliza, "Huyu mtoto hukaa nje kwenye mwanga wa jua saa ngapi kwa siku?"

Wakuu, nilijibu kwa madaha. "Daktari, huyu ni mtoto wa ndani. Hatoki kabisa." Nilidhani nitapewa hongera.

Daktari akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba macho ya mtoto bado yanakua, na mwanga wa mchana wa nje unasaidia yakue sawasawa. Taa ya nyumba haifikii hata kidogo. Kushinda na vitu vya karibu siku nzima, kitabu au tablet, hakumsaidii. Akaongeza kwamba wengine huirithi hiyo hali kwa familia, kwa hivyo nisijibebeshe lawama yote. Nje haitaondoa miwani, lakini inaweza kupunguza kasi. Masaa mawili hivi kila siku, na turudi baada ya miezi sita.

Sasa hapa ndipo mtanitusi vizuri.

Nje ni wapi kwa mtu wa Pipeline? Ni kile kiwanja kimoja tu. Na jioni, mimi nikiwa Makadara, nani anaangalia watoto wa hapo? Mama Nafula, kutoka kwa kibanda chake.

Nilikataa. Nilimwambia Baba Mwende kwa simu ni mambo ya usalama, kuna magari, kuna mitaro. Uongo. Sikutaka tu kumpa yule mama kitu kingine changu.

Nikajaribu rooftop. Caretaker anafunga kwa sababu ya matangi ya maji. Nikamwambia Mwende akae balcony na kitabu. Balcony yenyewe imetazamana na ukuta, na imejaa nguo. Jumapili baada ya kanisa tulitembea hadi mtaa wa Donholm mara mbili tatu, nikachoka, nikaacha.

Miezi sita ikafika. Tukarudi.

Daktari alipima jicho moja, akapima lingine, akarudia la kwanza. Namba ya miwani ilikuwa imepanda macho yote mawili. Miwani ambayo hata haijachakaa ilikuwa imeshindwa. Akaniuliza, bila ukali, "Nje mlikuwa mnaenda?"

Mwende akanitazama aone nitasema nini. Nikasema hapana.

Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Hawakusema kwamba unaweza kushiriki wewe na akakonda mtoto.

Siku hiyo hiyo nilimpeleka Mwende nyumbani, nikashuka peke yangu hadi kibandani. Nilikuwa nimepanga maneno, yakapotea yote. Nikamwambia Mama Nafula kila kitu. Kwamba nilimshtaki bintiye shuleni. Kwamba mtoto wangu haoni mbali na anazidi kuharibika. Kwamba naomba awe anashinda hapo jioni na wenzake.

Aliendelea kukata sukuma kidogo. Kisha akasema, "Mambo ya shule nilijua, Nafula aliniambia siku hiyo hiyo. Na hayo ya macho nilijua kitambo. Mimi ndiye nilimwambia awe anamsomea mwenzake."

"Na hukuniambia?"

"Nilidhani unajua, Mama Mwende. Si wewe ndiye mamake?"

Hakusema kwa ubaya. Afadhali angenitusi, kwa sababu matusi ningeyarudisha.

Nililia pale kwa gate watu wakinunua vitunguu. Akanipa kile kiti chake cha plastiki nikae.

Siku hizi Mwende akitoka shule haji juu. Anaacha begi kibandani, anacheza hadi karibu saa kumi na mbili, miwani imefungwa na kamba nyuma ya kichwa. Homework ni baadaye. Shuleni amerudishwa mbele, dawati moja na Nafula. Kila siku anarudi na vumbi, sauti imekauka kwa kupiga kelele. Tumeenda kupimwa tena. Namba haijashuka, na daktari amesema haishuki. Imepanda kidogo sana, si kama ile mara ya kwanza. Daktari hakuahidi kitu, alisema tuendelee.

Msidhani nimekuwa malaika. Wivu bado ninao, na sasa una sababu. Jumamosi iliyopita nilikaa hapo kiwanjani mwenyewe. Mwende alianguka akachunika goti, damu ikatoka. Akainuka analia, akakimbia. Nikafungua mikono.

Alinipita akaenda kwa Mama Nafula.

Mama Nafula akamfuta machozi, akamgeuza kwa mabega. "Enda kwa mamako, yuko pale." Mtoto akakuja. Pole pole, lakini akakuja.

Nilichojifunza, wakuu: kama una mtoto, usiangalie marks pekee. Msimamishe mbali asome kitu ukutani, halafu mtoe nje jua likiwa bado lipo. Na ukiona unamchukia mtu anayempenda mtoto wako, jiulize yeye ameona nini ambacho wewe hujaona.

Nyinyi wa ma-flat ya kubanana, watoto wenu wanachezea wapi? Nipeni mawazo. Wa kunitusi pia karibuni, ila muanze na pole.