Kovu Chini ya Sikio la Mfalme

Mtunza sarafu wa makumbusho hatazami sinema kama watu wengine. Panga zikilia yeye hana habari, ila hazina ikimwagwa mezani tu, husimamisha picha. "Baba wee, tuachie tuone nani kafa!" mkewe humfokea. Yeye huyo anachora daftarini, kwa penseli iliyobaki kama jino, kila kasoro anayoiona. Sarafu za kale ziligongwa moja moja kwa nyundo, hazifanani. Za sinema humiminwa kwenye kalibu moja, na kovu la moja huwa la zote.

Asubuhi moja mama mmoja alimfungulia leso yenye sarafu. Mwanawe kaituma kutoka mbali, akisema kaitengeneza mwenyewe kwa ajili ya sinema. "Majirani wanasema ni ya kale, kaiiba. Niambie kweli, mwanangu, hata ikiwa chungu."

Akaipitishia ukucha ukingoni, akainusa, akaigeuza. Chini ya sikio la mfalme palikuwa na kovu kama punje ya mchele. Akafunua daftari taratibu, kidole kikitembea, kisha kikasimama.

"Ya bandia, mama."

"Bandia?"

"Bandia tupu! Haijatimiza hata miaka miwili."

Akafungua kompyuta, akasimamisha picha: meza nzima ya sarafu, na kila mfalme ana punje yake chini ya sikio. Mama akashika kifua, akacheka huku machozi yakimtoka.

"Hebu rudisha nyuma, mwanangu. Nizione zinavyomwagika."