Mbio za Kulala Chali

Mchezo wa luge niliusoma katika kamusi elezo ya Kifaransa iliyokosa jalada: mtu hulala chali juu ya kitelezi, miguu mbele, akashuka njia ya barafu bila kuinua kichwa, kwa sababu kichwa kilichoinuliwa hushika upepo. Barafu Lubumbashi hatuna. Nilikata mbao, nikafunga chini yake rulema, zile beringi kuukuu za magari. Mdogo wangu, fundi wa magari wa miaka ishirini na sita, ndiye aliyekipanda kitelezi hicho. Tulitumia mteremko wa lami kule Bel-Air. Majirani walitucheka, mmoja aliuliza kama tunampima jeneza.

Nilimfundisha kwa utaratibu. Kila alipoinua kichwa, nilimpiga kipaji cha uso kwa fimbo. Alipozoea fimbo, nilianza kumdanganya. Nilisimama kando ya barabara nikapaza sauti kwamba kuna lori, kuna ng'ombe, kuna bariere, kizuizi cha kufunga barabara. Akitazama, anarudia mteremko mara tano. Baada ya miezi miwili hakutazama tena, hata pikipiki ya kweli ilipompigia honi. Nilijisifu kwa hilo.

Mzambia mmoja, muuza unga aliyezoea kuvuka mpaka, akatengeneza kitelezi chake. Tukapanga washindane, na kwa ajili yake tukayaita mashindano hayo ubingwa wa kimataifa. Karakana ya mdogo wangu ilikuwa imefungwa, na ushindi ule ndio kitu pekee alichokuwa akikisubiri.

Jumamosi ya mashindano, wanajeshi walianza kupora mji. Tulisikia risasi upande wa soko tukasema ni mbali. Mimi nilisimama katikati ya mteremko. Wawili wale walipokwisha kusukumwa, kamyo, lori la wanajeshi, ilitokea njia ya pembeni, kule chini, wakaangusha kipande cha reli barabarani ili kukamata magari. Mstari wa kumalizia ulikuwa bado hatua thelathini kupita reli hiyo.

"Bariere!" nilipiga kelele.

Mzambia aliinua kichwa, akakokota visigino mpaka ndala zikachanika, akapinduka. Mdogo wangu alibana kisogo kwenye ubao. Nilikimbia nikirudia neno lile lile. Miguu yake yote miwili iligonga reli, na mfupa ukatoka nje ya suruali.

Wanajeshi walicheka. Mmoja alimkanyaga pale palipovunjika, akimuuliza gari yake iko wapi. Mwingine alimvua viatu kwa kuvivuta, mguu ukizunguka pamoja na kiatu. Mzambia alipowasihi, walimpiga kitako cha bunduki mdomoni, akatema meno. Mimi walinipiga mgongoni mpaka nikashindwa kusimama. Kisha walipata gari la kupora, wakatuacha.

Tulimbeba mimi na Mzambia mpaka zahanati. Ilikuwa imeporwa, muuguzi hakuwa na plasta wala dawa. Siku ya tatu mguu wa kulia ulikuwa umeoza, muuguzi akaukata chini ya goti, sisi wawili tukimshikilia.

Alipoamka, mdogo wangu aliniita kama anavyoniita mimi mkubwa wake, akauliza, "Yaya, ni nani alifika wa kwanza?"

Nilikuwa nimeipima barabara ile mwenyewe. Nilimwambia kwamba hakuna aliyefika.

"Na Muzambia?"

"Alisimama. Alinisikia."



"Miye pia nilikusikia, yaya."