Sahani Iliyorudi na Halua Yake

Mume wangu alipokuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo hapa Ibra, kazi yangu ilikuwa kurudisha sahani. Hakuniomba, aliniamuru: chakula cha mtu yeyote kisiingie ndani. Sisi ni watu wa Unguja tuliohamia huku kwa Waarabu, na kwetu sahani ya jirani hairudi tupu; utaipakulia chochote, hata ndizi mbili. Kuirudisha na chakula chake kilekile ni kumwambia mwenyewe kwamba umekata ujirani naye. Nilijua hayo, na bado nikarudisha, miaka yote ile ya tisini. Yeye akasifiwa uadilifu. Mimi nikaitwa mwenye kiburi.

Iliyoniuma zaidi ni ya bibi mmoja wa mtaa wa pili, naye kwao Unguja vilevile. Alikuwa na kesi ya zamu ya maji ya falaji, mfereji unaonywesha mitende yetu. Binti yake akajifungua, bibi akatuletea pilau ya furaha. Niliirudisha ingali ya moto. Wiki ileile mume wangu akatoa hukumu, na bibi akashindwa.

Baadaye, kura zilipofunguliwa kwa kila mtu, wanawake kwa wanaume, mume wangu akaingiwa na hamu ya kugombea Baraza la Shura, bunge la huku. Hakimu hagombei, basi akajiuzulu, na kiti chake hakikukaa siku nyingi kabla ya kupata mwingine. Asiposhinda, hana pa kurudi.

Kura za wanawake aliniachia mimi, na wanawake wa mtaa wa pili walikuwa wakimsikiliza yule bibi. Jumatano, siku ya soko la wanawake, nikanunua halua, nikaipanga kwenye sahani yangu ya maua, nikaifunika kitambaa, nikaenda kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu, mke wa hakimu."

"Hayuko tena mahakamani. Nimekuja kumuombea kura."

"Nimesikia, mwanangu."

Akanimiminia kahawa, akaniuliza habari za watoto. Halua hakuigusa. Nilipoaga hakunisindikiza hata mlangoni.

Kesho yake asubuhi binti yake alisimama kwangu na sahani. Kitambaa kilekile, halua ileile, haikupungua hata kipande. Aliniwekea mikononi akaenda zake.

"Khalas, yamekwisha," nilimwambia mume wangu. "Mtaa wa pili umetukata."

"Una hakika?"

"Sahani imerudi na halua yake. Unataka ushahidi gani tena?"

Mtu aliyezoea kudai mashahidi wawili, siku hiyo alitosheka na mmoja. Akasema hatasimama mbele ya watu aliowahukumu wamsomee hukumu yake. Akavaa kilemba, akaenda kwa liwali, mkuu wa wilaya, akajitoa. Sikumzuia. Nilimkasirikia kwa zile sahani zote alizonirudishisha, na ndani ya hasira nikaona afadhali yaishe.

Siku ya kura tulijifungia ndani. Alasiri bibi akaja mwenyewe, anahema, wino bado kidoleni.

"Mbona jina la mumeo halimo?" akauliza kabla hajakaa. "Nimewapakia wanawake wa mtaa mzima kwenye magari, tumefika, tunatafuta, halimo!"

"Amejitoa, bibi."

"Amejitoa? Kwa nini?"

"Si ulinirudishia halua."

Akakaa chini, baibui lake lote limejaa vumbi la njiani.

"Wallahi, mwanangu, mumeo alinihukumu kwa haki. Maji yale hayakuwa yangu, na mimi nilijua. Kura zilikuwa zake tangu siku aliyojiandikisha." Akavuta pumzi. "Halua nilikurudishia wewe. Kwa ile pilau."

Mume wangu alikuwa chumba cha pili, mlango u wazi. Nilimsikia akivuta kiti ainuke, kisha akakaa tena.