Kivietinamu cha Jikoni

Nyumba ya kafili wangu, mwajiri aliyeshika pasipoti yangu, mjini Riyadh ilikuwa na milango mitatu, na funguo zote alikaa nazo mkewe, madam. Nilitoka tukienda madukani mtaa wa Olaya tu, nimbebee mifuko. Simu zetu alitupatia kila Ijumaa kwa nusu saa, naye akisimama papo hapo akisikiliza.

Tulikuwa wafanyakazi wawili. Mimi, Mkenya, nilifanya usafi na kulea watoto. Mpishi alikuwa mwanamke wa Kivietinamu. Siku ya kwanza aliniuliza, kwa Kiarabu cha kuokoteza, nina miaka mingapi. Nilipomwambia ishirini na sita, akajigusa kifua. "Mimi chi." Akanigusa bega. "Wewe em."

Kumbe kwao hamwezi kuzungumza mpaka mjue nani mkubwa. Chi ni dada mkubwa, em ni mdogo. Basi nikawa namwita Chi.

Mchana, wenye nyumba wakilala baada ya chakula, alinionyesha michezo ya jukwaani ya kwao kusini, ile ambayo mchezaji analia na kuimba kwa pamoja. Alijifunga kitambaa cha vyombo kichwani akawa malkia aliyeachwa. Sauti ikipanda sana, alijiziba mdomo, tukasikiliza kama madam ameamka. Aliniambia pia kwamba kwao mtoto mchanga hupewa jina baya la nyumbani, kama la panya au chura, ili mizimu isimtamani.

Lugha yenyewe ilinishinda. Kulikuwa na neno ma. Ukilisema kwa sauti isiyopanda wala kushuka, ni mzimu. Ukilipandisha, ni mama. Ukilishusha, ni lakini. Siku moja nilitaka kumuuliza habari za mama yake, nikamuuliza habari za mzimu wake. Alicheka hadi akakaa sakafuni.

Ijumaa moja alipewa simu yake, akasikiliza kidogo, kisha akaanguka magotini akipiga kelele neno moja tu, tena na tena. Madam akarudi nyuma.

"Ana jini huyu! Mfungie chumbani!"

Mimi nilisikia sauti ikipanda.

"Hana jini, madam. Anamwita mama yake. Nadhani amefariki."

Chi akatikisa kichwa kukubali. Madam akamwombea marehemu rehema, halafu akaichukua simu sakafuni.

"Mkataba haujaisha. Halas, basi. Wali uko motoni."

Chi aliinuka akaumaliza wali ule. Tangu siku hiyo hakuimba. Alichotaka ni kwenda kuwasha ubani kaburini, na kila asubuhi aliniomba nimsemee, kwa kuwa Kiarabu changu kilikuwa kimekomaa kuliko chake. Nilimwendea baba mwenye nyumba akinywa kahawa. Akasema, "Nitaona." Hakuona kitu.

Kwenye sikukuu tulipelekwa Jeddah kwa mama mzazi wa madam. Bibi yule aliuliza kwa nini mpishi hainui uso. Madam akanikazia macho. Nikasema hata hivyo.

"Amefiwa na mama yake, bibi. Anaomba kwenda kwao."

Bibi alimgeukia binti yake. "Na mimi nikifa, nani atakuzuia mlangoni?"

Siku tatu baadaye, tungali Jeddah, baba aliweka pasipoti ya Chi mezani pamoja na tiketi. Dereva alikuwa akipiga honi nje. Chi alinishika mashavu kwa mikono yenye harufu ya vitunguu.

"Em, kula vizuri," akasema, akatoka.

Nilimfurahia kwa siku moja. Siku ya pili nilimwonea wivu. Tuliporudi Riyadh, madam alinikabidhi na jiko, akafunga mlango, akaniambia wageni wanakuja saa nane. Mkataba wangu ulikuwa umebaki miezi kumi na minne. Niliimaliza yote.