Koti Nililoliacha Msumarini

Ipo alasiri moja, mwanangu, ambayo imekataa kuzeeka pamoja nami. Nikijilaza baada ya sala ya adhuhuri, hapa hapa mtaani Cheyo, feni ikizunguka taratibu juu yangu, mara najikuta niko juu ya baiskeli katikati ya msitu wa miombo, na mbele yangu mbingu imeiva kwa mvua. Hainitishi tena. Huja tu, kama mgeni anayejua mlango. Na jana uliponiletea simu yako ukanionyesha picha za makoti mawili ya mvua, moja zito la mtindo na jingine jepesi, ukasema, "Shangazi, nichukue lipi?" nilinyamaza mpaka ukadhani sikukusikia. Nilikusikia. Ila nilikuwa nimeshakwenda zangu, niko kule.

Najua wauguzi wengi siku hizi wanapanda bodaboda. Wewe umepangiwa zahanati iliyo mbali na lami, umepewa baiskeli, na unaanza kazi wakati mvua nazo zinaanza. Basi nisikilize. Nitakwenda polepole, maana hili siwezi kulisimulia mbio.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuo cha uuguzi, mtoto wa mjini, wa mtaa wa Mtendeni. Babu yako, baba yangu mimi, alikuwa fundi viatu, na nyumbani kwetu mtu hakuvuka kizingiti bila kujitazama kwenye kioo. Nilipewa zahanati ya kijiji kimoja upande wa magharibi, kwenye njia ya zamani, ile ambayo misafara ilipita ikielekea Ujiji. Ni mchanga mwekundu na miti tu, na ukimya ambao mtu wa mjini huona kama unamsikiliza.

Kabla ya kuondoka nilipita sokoni kwa Bi Saada. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini, muuza mitumba, na alimjua kila mtu kwa vipimo vya mabega yake. Nilimwamkia, nikamwambia nataka koti la mvua la kuendeshea baiskeli. Akainama kwenye rundo, akanitolea mawili.

La kwanza lilikuwa rangi ya damu ya mzee, zito, lina bitana ya manyoya, vifungo vya shaba na mkanda wa kiunoni. La pili lilikuwa jaketi la nailoni la kijani, jepesi hata ukilipuliza linatikisika. Bi Saada alilikunja, akalisokomeza ndani ya mfuko wake lenyewe, akafunga zipu, likabaki dogo kama andazi. Akaniwekea kiganjani.

"Chukua hili. Hili utatembea nalo," alisema.

Nikacheka. "Bi Saada, hili ni la mchunga ng'ombe."

"Kwani wewe unakwenda kwenye baiskeli au unakwenda harusini?"

Nilikuwa nimeshavaa lile la damu ya mzee, najigeuza huku na huku mbele ya kipande chake cha kioo. Akanifungia nililolitaka, kwa sababu muuzaji naye ana mipaka ya kusema.

Kule kijijini lilipendwa, siwezi kukudanganya. Wanawake waliokuja kliniki walishika bitana yake wakasema nesi wetu amependeza. Lakini siku ya kwanza nilipolivaa kwenye manyunyu na kuendesha nalo, nilifika nimelowa kwa ndani kuliko nje. Joto la hapa kwetu unalijua, haliishi kwa kuwa mvua inanyesha. Jasho lilinishuka mgongoni kama maji ya bomba, bitana ikalinywa lote, na koti halikukauka kwa siku tatu. Chumba kizima kilinuka mbuzi. Halafu lilikuwa halikunjiki. Kwenye begi haliingii, na keria ya baiskeli ilikuwa na kazi ya kubeba sanduku la dawa. Basi likawa linakaa kwenye msumari nyuma ya mlango, na mimi natoka bila koti, natazama juu, naona jua, natabasamu.

Siku yenyewe ilikuwa hivyo hivyo, ya jua. Saa nane mchana aliingia mtu mmoja anaitwa Maganga, mkulima wa tumbaku, amelowa jasho, baiskeli kaiangusha nje bila hata kuiegemeza.

"Nesi, mke wangu kajifungua. Mtoto mzima. Lakini damu inatoka kidogo kidogo, haikatiki."

Mganga wetu wa zahanati alikuwa amekwenda mjini. Nilikuwa peke yangu. Nilichukua vichupa viwili vya kioo vya dawa ya sindano ya kuzuia damu, vile vinavyofunguliwa kwa kuvunjwa shingo. Ndivyo vilivyokuwa vimebaki. Nikavilaza kwenye pamba ndani ya kopo pamoja na bomba la sindano, kopo nikalifunga kwa mfuko wa plastiki, na juu yake mfuko wa pili. Nilikuwa makini sana, mwanangu. Nikafunga mlango, na wakati naufunga niliona koti pale msumarini. Nikaliacha.

Maganga alinitazama, kopo tu mkononi. "Nesi, huna koti? Leo ipo mvua." Akachomoa kifuani kipande cha nailoni, ile ya kufunikia vitalu vya miche, akanipa. Kilikuwa na matope.

"Sihitaji," nikamwambia. "Twende."

Tukaenda. Na hapa ndipo ndoto yangu huanzia kila mara. Njia ilikuwa nyembamba, mchanga unavuta magurudumu, Maganga yuko mbele, mgongo wake unapanda na kushuka. Jua lilipenya kwenye majani mapya ya miombo, yale ya mwanzo wa mvua ambayo hutoka mekundu kabla ya kuwa kijani, na msitu mzima ulikuwa kama umewashwa taa kwa ndani. Kulikuwa na harufu ya asali mahali fulani. Tulipita chini ya mizinga ya magome iliyoning'inizwa juu mitini, sikusikia hata nyuki. Nakumbuka niliwaza, hivi hawa watu wa zamani waliopita hapa na mizigo kichwani, mchana kama huu, walikuwa wakiongea au walinyamaza? Nilikuwa karibu kusahau ninakokwenda. Kisha upepo ukageuka, ukaja wa baridi, wenye harufu ya udongo, na ile taa ya msituni ikazimika.

Mvua haikuanza kwa matone. Ilifika nzima, na ndani yake mawe ya barafu. Maganga alijitupia nailoni yake mabegani, akanipigia kelele akinionyesha chini ya mti. Nikatikisa kichwa, maana damu ya mkewe haikuwa ikitusubiri. Tukaendelea. Gauni la kazi likanigandama mwilini, maji yakanijaa viatuni. Mikono ndiyo iliyoteseka zaidi, kwa sababu kwenye baiskeli mikono iko mbele, haina pa kujificha. Iliniuma kwanza, kisha ikaacha kuniuma. Hapo nilishukuru. Sikujua kwamba hilo ndilo la kuogopa.

Tulifika. Nyumba ya nyasi, moto unawaka katikati, na mke wa Maganga, Nyamizi, amelazwa kwenye mkeka. Uso wake ulikuwa umepoteza rangi, lakini macho yalikuwa macho. Mama mkwe wake, Bibi Kalunde, alikuwa amepiga magoti kando yake, anamkanda tumbo kwa nguvu za mtu mwenye nusu ya umri wake. Mtoto kafungwa kwenye kanga, amelala.

Nikafungua mifuko yangu miwili. Kopo lilikuwa kavu kabisa. Nikashika kichupa cha kwanza ili nikivunje shingo, na vidole vyangu, mwanangu, havikuwa vyangu. Vilikuwa vijiti. Nilikiona kichupa kikiteleza, nikakiona kikianguka, na sikuweza kufanya chochote. Kikapasuka kwenye sakafu ya udongo. Dawa ikanywewa papo hapo, kama haikuwahi kuwepo.

Mvua ilikuwa inapiga nyasi za paa. Nikanyoosha mkono kuchukua cha pili.

"Acha!" Bibi Kalunde alisema. Nikasimamisha mkono. "Hicho usikiguse. Tia mikono kwenye chungu."

Palikuwa na chungu cha maji ya moto kidogo, ya kumwogeshea mzazi. Nikachuchumaa, nikatia mikono mpaka viwiko, meno yanagongana. Na nikangoja. Nimekwambia ndoto yangu huanzia njiani, lakini hukaa hapa. Mama mzee anakanda, anahesabu kitu kwa Kinyamwezi kwa sauti ya chini. Mtoto anapiga chafya. Moshi unapanda, unazunguka, unatafuta pa kutokea. Na mimi, niliyeitwa kuja kuokoa, nimekaa na mikono ndani ya chungu, nahudumiwa.

Nyamizi akanigeuzia uso. Akauliza, taratibu sana, "Nesi, unasikia baridi?" Kisha akajaribu kuvuta kanga aliyofunikwa, anipe.

Nimezalisha wanawake wengi katika maisha yangu. Nimewaona waliopona na wasiopona. Hakuna kilichowahi kunichoma kama ule mkono wake ulioshindwa kuinua kanga.

Vidole viliporudi, vilirudi kwa maumivu kama ya kuungua. Nikavikausha kwenye joto la moto, nikavunja shingo ya kichupa cha pili, nikavuta dawa, nikamchoma pajani. Kisha nikampokea Bibi Kalunde kukanda, naye akakaa chini akihema. Tulisubiri. Damu ikapungua. Ikapungua tena. Mvua ilipokatika nje na jua la jioni likaingia mlangoni, tumbo lilikuwa gumu chini ya kiganja changu kama linavyotakiwa kuwa, na Nyamizi akaomba uji.

Ndipo Bibi Kalunde alipochukua ile mifuko yangu ya plastiki kutoka sakafuni. Akaikung'uta, akaikunja vizuri, akanirudishia. Hakunipandishia sauti.

"Dawa uliifunika," alisema. "Mara mbili uliifunika. Wewe mwenyewe hukujifunika. Sasa nani angeichoma?"

"Nisamehe, mama. Nilidhani mvua haitanyesha."

"Mvua ni ya Mungu, sikulaumu kwa mvua. Nakwambia hivi: ukishapanda baiskeli kuja kwetu, mwili huo si wako tena. Ni wa huyu anayekungoja."

Nilirudi zahanati kabla giza halijaingia, nimevaa nailoni ya Maganga yenye matope. Kwenye daftari la dawa niliandika kwamba kichupa kimoja kilivunjika njiani. Wewe ni wa kwanza kusikia kwamba haikuwa njiani.

Siku ya mapumziko nilirudi kwa Bi Saada. Lile la kijani lilikuwa limeshauzwa. Nilimweleza yote, na yeye hakusema, "Nilikwambia." Alifungua robota jipya la mitumba, tukachakura pamoja mpaka jua likatupata, tukapata jingine la rangi ya chungwa, baya kweli. Nililivaa miaka kumi na moja. Nyamizi yupo, ana wajukuu, na kila akija mjini na asali hunipitia.

Basi haya ndiyo ninayokuambia. Usichague koti kwa kulitazama kwenye picha, wala kwa kusimama mbele ya kioo. Nenda dukani, livae, kisha kaa kama uko kwenye baiskeli, mikono mbele. Mikono ya koti ikipanda ikaacha vifundo vya mikono wazi, liache. Mgongo nao ushuke chini nyuma, kwa maana gurudumu la nyuma hurusha matope. Angalia kwapani kama pana pa kupitisha hewa, la sivyo utalowa kwa jasho lako. Kofia yake ikukae kichwani na ikuruhusu kugeuka kutazama malori nyuma yako. Rangi iwe ya kuonekana hata kama wenzako watacheka. Mwombe muuzaji maji kidogo, mimina juu ya mishono, uipapase kwa ndani kama imepitisha maji. Na la mwisho, ambalo ningelitaja la kwanza kama ningekuwa na akili: likunje. Liingie kwenye begi lako pamoja na vifaa na bado upate pa kutia chupa ya maji. Likiwa dogo na jepesi hutakuwa na sababu ya kuliacha hata siku ya jua kali, na siku ya jua kali ndiyo utakayolihitaji. Kwa hiyo chukua lile jepesi. Lile jingine ni zuri, utapendeza nalo, na litabaki nyumbani.

Na mtu wa kule akikupa cha kujifunika, hata kama kina matope, pokea. Usimnyime mtu nafasi ya kukutunza.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akufikishe kwa kila anayekungoja ukiwa mkavu na mwenye nguvu, akupe watu wa kukuambia ukweli bila kukuaibisha, na kila nyumba utakayobisha hodi, utoke umeacha humo watu wawili wanaopumua. Amina.