Fundi Saa na upande usioonekana

Saa nne asubuhi mikono yake imezama hadi viwikoni ndani ya glavu nene za kisanduku cha kioo. Humo hakuna hewa ya kawaida. Lithiamu ikiigusa huharibika. Kwa kibano anainua kisahani chembamba cha madini hayo, anakigeuza kwenye mwanga, anasubiri.

“Upande huu?”

“Huo huo,” anajibu mkemia, binti aliyesimama nyuma yake.

Maabara nzima humwita Fundi Saa, kwa kuwa alitengeneza saa za mkono kabla ya kufundishwa kuunganisha betri za majaribio. Kila kisahani hupakwa utando wa kinga upande mmoja, ili betri inapochajiwa lithiamu isiote miiba na kuiua. Utando hauonekani kwa macho. Ndiyo maana yeye hukwaruza alama ndogo upande usiopakwa.

Mwezi uliopita walikuja wageni. Akatia madoido, trei ikapinduka kabla hajakwaruza alama.

“Ningesema tu, ‘Jamani, tuanze upya,’” anasimulia Fundi Saa. “ Niliona haya mbele za watu. Nikapanga kwa kubahatisha.”

Betri zilikufa mapema. Lawama zikamwangukia mkemia, aliyebuni utando huo, na mkuu wa maabara akaamua uachwe.

“Binti akanifuata, akasema, ‘Samahani, baba, nimekupotezea muda.’” Fundi Saa anainamisha uso. “Aliniomba radhi mimi. Nikamjibu, ‘Usijali, mwanangu.’ Hebu fikiria.”

Nyumbani chakula hakikushuka. Mkewe alipouliza, alisingizia jino.

Juzi alikwenda kwa mkuu akasema yote, kisha kwa mkemia.

“Kwa hiyo siku zote hizo nilikuwa najilaumu bure?” binti aliuliza.

“Ndiyo. Na nilikuwa nakuona.”

Mkuu ametoa nafasi moja ya kurudia. Tangu hapo mkemia humwita “fundi”, si baba. “Sina kinyongo,” anasema. “Ila nitatazama kila kimoja.”

Wanakwenda polepole. Muda wa kutoka unafika visahani vingi bado vimelala kwenye trei, havijatiwa kwenye betri. Fundi Saa anachomoa mikono, imelowa jasho.

“Betri zikifa safari hii,” anasema, “zife kwa kosa la utando, si langu.”

“Zisife kabisa, fundi,” mkemia anamkatiza, akizima taa ya kisanduku. “Kesho uwahi.”